Nani Anashika Dawa?

Ndugu wasomaji, tunajua mtashangaa. Katika kijitabu cha mila mtu anatazamia kukuta habari za mahari, za tohara, za matanga, za majina tunayowapa mapacha. Sisi tunawaletea habari za riwaya za Wamarekani! Msifunge kijitabu kwanza. Someni, kiisha mtuhukumu.

Riwaya tunazozisema ni zile zinazoandikwa kwa ajili ya vijana, na zote zinafanana kama ndagala wa wavu mmoja. Kuna inchi ya siku zijazo. Serikali yake inaona kila kitu, inagawa watu mafungu, inaamua huyu afanye kazi gani na yule akae wapi. Ndani ya inchi hiyo kuna msichana au mvulana wa miaka 16 hivi anayejidhani mtu bure, kumbe ndani yake mna nguvu iliyofichika. Serikali inamwinda. Yeye anaamka, na serikali inaanguka. Huo ndio mwili wa hadithi, mengine ni nguo tu. Suzanne Collins alitoa The Hunger Games mwaka 2008: inchi ya Panem, ambamo majimbo 12 yanatoa kila mwaka mvulana mmoja na msichana mmoja waende kuuana mbele ya kamera. Veronica Roth akafuata na Divergent mwaka 2011. Mwaka 2012 Alexandra Bracken alitoa The Darkest Minds, ambamo watoto waliopona ugonjwa wa ajabu wanajikuta na uwezo wa ajabu, na Leta inawafungia kambini na kuwapanga kwa rangi. Kiisha Victoria Aveyard, mwaka 2015, na Red Queen, ambamo watawala wana damu ya rangi ya fedha na walalahoi wana damu nyekundu kama yetu.

Vitabu vyenyewe hapa Mboko ni vichache. Zilizofika ni sinema, na zimefika kwa njia tunayoijua wote: ndugu waliotoka kambi ya Nyarugusu wakapelekwa Marekani, kadi za memori zinazouzwa pamoja na vocha, simu moja inayotazamwa na vichwa sita. Kijana wa kwetu asiyeweza kukutajia wakuu wa ukoo wake watatu atakutajia majimbo ya Panem na kila moja linatoa nini.

Juu ya jambo hili watu wamegawanyika. Kuna wachungaji, na hata walimu wenzetu, wanaosema huo ni ushetani, watoto wanyang'anywe, vichomwe. Hao tungewakumbusha kisa cha Kenya mwaka 1987. Serikali ilisikia kwamba kuna mtu anaitwa Matigari anazunguka katika vijiji akiuliza maswali juu ya ukweli na haki, ikaamuru akamatwe. Kumbe Matigari ni mtu wa ndani ya kitabu cha Ngũgĩ wa Thiong'o! Polisi walipogundua, wakakamata kitabu. Anayechoma hadithi anajiweka upande wa nani katika hadithi? Upande wa pili kuna ndugu waliosoma sana, wanaosema: waacheni watoto, ni mchezo tu, ni mawazo ya Wazungu, hayahusu mtu hapa. Hawa nao tunawakatalia, na pengine kwa nguvu zaidi.

Maana makundi yote mawili yana kosa moja. Yanadhani mambo haya ni ya kigeni. Serikali inayotawala mpaka ndani ya nyumba, watoto wenye nguvu za siri, vita kati ya hivyo viwili: sisi wa Fizi hatukuyasoma katika kitabu. Tumeyaishi, na zaidi ya mara moja.

Tuanze na Leta ya Mobutu. Tarehe 20 Mei 1967 ilizaliwa MPR, na haikuchukua muda ikawa chama pekee. Kila Mzairwa alihesabiwa mwanachama tokea kuzaliwa, hata aliye tumboni. Hebu fikirini: bado hujapewa jina, tayari uko na kadi. Na jina lenyewe, mwaka 1972 Leta ikasema Joseph na Marie yatupwe, kila mtu atafute jina la babu. Nguo ilichaguliwa na Leta: abakosti kwa wanaume, suruali marufuku kwa wanawake. Kazi ya bure ikapewa jina zuri, salongo. Jioni, kabla ya habari za televisheni, uso wa kiongozi ulionekana ukishuka kutoka mawinguni. Mwandishi wa Marekani angeandika hivyo, tungesema amezidisha chumvi.

Lakini ajabu ya Fizi ni kwamba sisi tulikuwa na Leta mbili. Ya kwanza ilikuwa huku chini, barabarani na kando ya ziwa. Ya pili ilikuwa juu milimani, Hewa Bora. Laurent-Désiré Kabila na wenzake walianzisha chama chao, PRP, mnamo Desemba 1967, nyuma ya kushindwa kwa uasi wa 1964 na 1965, na kwa karibu miaka 20 wakatawala sehemu ya milima yetu kama inchi ndani ya inchi. Walikuwa na mashamba ya pamoja, shule, jeshi, na biashara ya dhahabu na pembe iliyovuka ziwa kwenda Kigoma. Mei 1975 wapiganaji wao walivuka ziwa usiku mpaka Gombe, wakateka vijana wanne wa kizungu waliokuwa wakichunguza sokwe. Kwa majuma machache dunia ilijua kwamba kuna mahali panaitwa Fizi, kiisha ikasahau. Mwaka 1984, na tena 1985, walishambulia Moba, na nyuma ya hapo Leta ya milimani ikafifia.

Ile ilikuwa serikali iliyosema imekuja kuwakomboa watu kutoka katika ile nyingine. Sasa sikieni. Mwana wa Fizi, Cosma Wilungula, ameandika kitabu kizima juu ya maisha ya kule, kimetoka mwaka 1997, kinaanzia 1967 na kuishia 1986. Kinasimulia jinsi mapinduzi yalivyoanza kuwinda walozi. Vita haviendelei vizuri, mavuno ni mabaya, wapiganaji wanachoka: lazima kuna mtu anatuloga! Basi walitafutwa wenye nguvu za siri. Nani walioonekana kuwa nazo? Wazee. Mama vikongwe. Watu wa kawaida wa vijijini. Waliteswa, waliuawa, na wengi wetu tunajua ukoo ambao umepungukiwa na mtu kwa njia hiyo. Panem iko wapi tena? Iko mwendo wa miguu kutoka hapa, na jina lake lina maana ya hewa nzuri.

Hapo tunafika kwenye neno tunalotaka kulisema, na ndilo lililotufanya tuandike katika kijitabu cha mila wala si mahali pengine. Neno hilo ni nguvu iliyofichika.

Katika riwaya hizi nguvu iliyofichika ndiyo mkombozi. Serikali ni mbaya, nguvu ya siri ya mtoto ni nzuri, basi. Kwetu historia imesema kitu tofauti, na imekisema kwa damu. Mwaka 1964 Simba walipoinuka, vijana walipewa dawa. Walichanjwa, walinyunyiziwa maji, wakaambiwa risasi zitageuka maji zikiwagusa, mradi wapige kelele ya Mayi Mulele na kusonga mbele. Uvira ilianguka Mei mwaka huo, na sehemu kubwa ya ushindi ilitoka katika woga wa askari wa Leta wenyewe, waliokuwa wanaamini dawa sawa na Simba. Dawa ilikuwa na masharti yake: usiguse mwanamke, usichukue kitu cha mtu, usitazame nyuma, usiogope. Che Guevara, aliyevuka ziwa kuja Kibamba Aprili 1965 na kuondoka Novemba mwaka huohuo, aliyaandika masharti hayo katika kumbukumbu zake kwa mshangao na uchungu.

Yeye alishangaa juu alikuwa mgeni. Sisi hatuna ruhusa ya kushangaa, tunapaswa kufikiri. Tazameni akili iliyomo ndani ya masharti yale. Kijana akipigwa risasi akafa, mganga hana kosa: marehemu aligusa mwanamke, au aliiba kuku, au aliogopa. Nani asiyeogopa mbele ya bunduki? Na maiti hajitetei. Kwa hesabu hiyo dawa haikushindwa hata siku moja katika inchi hii. Walioshindwa ni watoto, na walizikwa na lawama juu yao.

Ndiyo maana tunauliza swali ambalo kijana hajiulizi anapotazama simu: nani anashika dawa? Nguvu iliyofichika ndani ya mtoto inahitaji mtu mzima wa kuja kuifichua. Anakuja na kusema, «Wewe siyo mtu bure, wewe uko na kitu, nimekiona». Mtoto ambaye Leta haijawahi kumwambia neno lolote isipokuwa lete pesa ya shule, anasikia neno hilo kama maji ya baridi. Kuanzia hapo yule mtu mzima ndiye anayejua masharti, ndiye anayesema umeyavunja au hujayavunja, ndiye anayekaa nyuma wakati wewe unatangulia. Hiyo siyo nguvu dhidi ya utawala. Ni utawala wenyewe, tena mkali kuliko ule wa kadi na salongo, kwa kuwa umewekwa ndani ya ngozi kwa wembe.

Jambo hilo halikuisha mwaka 1965. Oktoba 1996, Lemera, si mbali nasi, ulitiwa sahihi muungano wa AFDL, na Kabila yuleyule wa Hewa Bora akaenda mpaka Kinshasa, akaingia Mei 1997. Aliingia na kadogo: watoto wenye bunduki ndefu kuliko miguu yao na viatu vya mvua. Mobutu alianguka, sawasawa na katika sinema. Watoto walipata nini? Tarehe 16 Januari 2001 Kabila aliuawa kwa risasi ya mlinzi wake, naye, kama inavyokubaliwa na wengi, alikuwa mmoja wa kadogo wale. Kabla ya hapo na nyuma yake tumekuwa na Mayi-Mayi wa namna namna, na leo Wazalendo. Hatuwahukumu wote kwa fimbo moja. Kuna waliolinda kijiji wakati hakuna askari aliyeonekana, tunajua, na tumekula mihogo yetu kwa usalama juu yao. Lakini maji yangali yananyunyizwa, na wanaonyunyiziwa wangali watoto, ingawa sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza wazi kumwingiza mtoto katika jeshi au kundi lolote la silaha.

Tutendee haki riwaya yenyewe. Anayesoma Collins mpaka kitabu cha tatu, kilichotoka 2010, atakuta kwamba yule msichana hana uchawi wowote, ana upinde tu. Na kwamba waasi wanaompokea wana kiongozi wao, Coin, anayemtumia kama bendera na ambaye mwishoni anataka kuanzisha michezo ileile ya kuua watoto, safari hii watoto wa maadui. Msichana anageuza upinde na kumpiga Coin mwenyewe. Mtu wa Fizi akisoma hapo anaacha kitabu, anatazama ziwa. Mwandishi yule hakuwa Hewa Bora, lakini amefikiri vizuri. Taabu ni kwamba vijana wetu wengi wameona sinema ya kwanza tu, na nyingine nyingi za namna hii hazina hata Coin. Zina damu ya fedha, zina umeme unaotoka vidoleni, na mwisho mwema.

Kuna sura nyingine ya nguvu ya siri, na hiyo haina bunduki. Katika miji yetu mikubwa, Kinshasa, Bukavu, na hata karibu zaidi, kuna watoto waliofukuzwa nyumbani kwa sababu mtu alisema wana ulozi. Baba amepoteza kazi, mama wa kambo ameota ndoto mbaya, mtoto anakojoa kitandani: ndiye! Anapelekwa katika chumba cha maombi, ananyimwa chakula siku tatu kusudi pepo atoke. Sheria ileile ya 2009 inaadhibu mtu anayemsingizia mtoto ulozi. Nani ameisikia ikisomwa kanisani? Huku mtoto anaambiwa una nguvu, chukua bunduki. Kule anaambiwa una nguvu, toka nyumbani. Katika visa vyote viwili hakuna aliyemwuliza mtoto mwenyewe kama anasikia nguvu yoyote. Anasikia njaa.

Sasa mtasema: mwalimu, umeshambulia mila. Dawa ni mila, mufumu ni mila. Hapana! Tunazikatalia hizo hesabu. Wabelgiji waliwahi kutufanyia hivyo: Bwami, iliyokuwa shule ya wazee wa Warega na yetu Wabembe pia, waliipiga marufuku mwaka 1933 na tena 1948, wakisema ni jamii ya siri ya hatari. Kumbe siri ya Bwami ilikuwa mtu anapanda daraja polepole, kwa miaka, kwa mali na kwa tabia njema, akifundishwa kwa methali na vitu vidogo vya pembe na mbao. Hakuna aliyeamka asubuhi na nguvu. Hakuna kijana wa miaka 16 aliyekuwa juu ya wote. Mila yetu ya zamani iliiogopa nguvu ya ghafula kuliko Leta yoyote ilivyoiogopa, na iliizungushia ua.

Tuchukue hadithi ya Mwindo. Ni ya Wanyanga wa Walikale, si ya Wabembe, tunajua, na Warega nao wana Mubila wao. Tunaitumia hii kwa sababu imeandikwa yote. Mwaka 1956 msimulizi Candi Rureke aliisimulia na kuiimba kwa siku 12, Daniel Biebuyck akaiandika, na mwaka 1969 yeye na Kahombo Mateene waliitoa katika kitabu. Vijana wanaosema Afrika haina hadithi za namna hii waisikie vizuri.

Mtawala Shemwindo ana wake saba. Anaamuru kwamba wote wazae wasichana tu. Atakayezaa mvulana, mtoto atauawa. Amri gani inaweza kuingia ndani ya nyumba kuliko hiyo? Haingii chumbani tu, inaingia tumboni. Mke anayependwa anazaa mvulana, naye Mwindo anatokea kupitia kidole cha mama yake, akitembea, akisema, akicheka, mkononi ana conga, kipukusa chake cha mkia wa nyati. Nguvu ya siri ndiyo hiyo, wala hakuipewa na mtu. Baba anamrushia mikuki, haimpati. Anamzika hai, anatoka. Anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, ngoma inaelea mpaka anafika kwa shangazi yake Iyangura. Wajomba wahunzi wanamfulia mwili wa chuma. Anarudi, umeme unateketeza kijiji cha baba, baba anakimbilia chini ya ardhi, mtoto anamfuata hukohuko.

Mpaka hapo ni sinema ya Marekani, tena tamu kuliko zao. Lakini wao wangemaliza hapo, na msimulizi wa Walikale hamalizi. Kwanza, kijiji kilichoteketea: wale watu walikosa nini? Shangazi anamwambia awafufue, na Mwindo anawafufua. Msikilize vizuri huyo shangazi, ndugu zangu. Katika sinema hizi wakubwa ni ama wabaya ama wamekufa. Hapa mwenye nguvu zote ana shangazi, na shangazi akisema, anatii. Pili, baba anapokamatwa hauawi. Anarudishwa nyumbani, anakalishwa mbele ya watu wote, anakiri kosa lake kwa kinywa chake, na utawala unagawanywa kati ya baba na mwana. Tatu, na ndiyo sehemu tunayoipenda kuliko zote, Mwindo akiwa sasa ni mtawala anaua joka Kirimu, ambaye alikuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa umeme. Nkuba anamchukua mbinguni. Kule anakaa mwaka mzima. Mvua inampiga, jua linamchoma, mwezi unamsema, majivuno yake yanavunjwa kimoja kimoja, na anakatazwa kuua tena mnyama yeyote. Anaporudi hasimulii nguvu zake. Anawapa watu sheria za kawaida kabisa: limeni vyakula vya kutosha, msigombane, msimcheke kilema, mke wa mtu mwacheni.

Shujaa huyu ana nguvu za siri, na hadithi nzima ni kazi ya kumfundisha asizitumie. Hiyo ndiyo mila. Yule anayemchanja mtoto na kumsukuma mbele hana haki ya kutumia jina la wahenga.

Na kwa Kiswahili chetu tunacho kitabu kingine, ambacho kingestahili kusomwa katika kila sekondari kutoka Uvira mpaka Kalemie: Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Inchi yenyewe iko hewani (naye pia alipenda hewa!), viongozi wake ni wadhalimu, wajumbe sita waliotumwa pande sita za dunia kuleta maarifa walitiwa gerezani waliporudi. Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu sheria. Karama hana nguvu ya siri hata chembe. Ana kinywa. Kwa siku sita anasimama barazani, mchana kweupe, anasimulia habari za wajumbe wale mmoja baada ya mwingine, na watu wanasikia, na mfalme anasikia. Anaachiliwa huru na wafungwa wanafunguliwa. Wanafunzi wengine watasema hiyo haina mapigano. Ni kweli, haina. Mwalimu awaulize basi ni jambo gani linahitaji moyo zaidi, kurusha umeme ukiwa na mwili wa chuma, au kusimama mbele ya wanaoweza kukunyonga ukiwa na ngozi tu.

Tunajua jibu tutakalopewa. «Vijana hawaingii porini juu ya sinema. Wanaingia juu ya njaa, juu ya ng'ombe na mashamba, juu ya ndugu waliouawa, juu kuna adui kweli.» Hilo ni sawa. Hakuna mtu aliyeandikishwa na simu. Lakini anayekuja kuandikisha anahitaji sentensi, na sentensi yake ni ileile: wewe siyo wa kawaida, umechaguliwa. Mtoto aliyeisikia mara mia katika sinema, na hajasikia hata mara moja kilichowapata wajomba zake walioisikia 1964, atajibuje? Tunaona madawati yanayobaki wazi mwezi wa tisa. Hatuhitaji kuwataja.

Na lawama kubwa hapa hatuiweki kwa Hollywood. Tunaiweka kwenu, wazee wetu, kwa heshima yote. Mlikuwa Hewa Bora. Mlibeba mizigo ya PRP, mlilima mashamba yao, mliona nani alichukuliwa usiku kwa jina la mulozi, na wengine wenu mlikuwa na bunduki. Mmenyamaza. Tunaelewa kwa nini: aliyeua na aliyeuliwa ni koo zilizooana, na Kabila alikuwa Rais, na nyuma yake mwanawe, mpaka 2019, maneno hayo hayakuwa salama. Lakini sasa ni wakati mwingine. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1975 amepita 70 leo. Lubunga ilikuwa mahali ambapo jambo lililowashinda watu liliwekwa katikati, likazungukwa kwa maneno mpaka likalegea. Tumeiacha, tumewaachia watoto simu, kiisha tunalalamika kwamba wanajua Panem.

Basi sisi walimu tutafanya sehemu yetu. Katika likizo kubwa, kila Jumamosi mchana, wanafunzi wa darasa la tano na la sita watakusanyika, nusu ya muda kwa sinema moja ya hizo, nusu kwa mzee mmoja. Hatutachuja sinema, wala hatutamchuja mzee. Mwanafunzi atauliza atakalo, na ataandika. Anayependa kutusaidia alete nakala ya Kusadikika kama anayo, hata isiyo na jalada. Tulizonazo ni mbili. Na wazee walioishi kule juu, wa upande wowote, waliolima au waliolinda, tunawaomba watume neno mapema kusudi tujue tuandae viti vingapi.